Uzi: Uchambuzi na usanifu wa mifumo kwa anayeanza, kwa mfano wa kituo cha kununulia mwani

MchambuziWete (mwanzisha uzi)

Assalam alaykum wanajukwaa.

Kila muhula ukianza, vijana wanaoingia kusoma kompyuta, wa hapa Pemba na wa Unguja, huniuliza jambo lilelile: hili somo la uchambuzi na usanifu wa mifumo ni la nini, mbona ndani yake hakuna programu ya kuandika? Nafungua uzi niwajibu pamoja. Wenye uzoefu naomba mniongezee, na nikiteleza mnikosoe.

Jibu langu la mkato ni hili. Somo hili linakufundisha kuijua kazi ya mtu mwingine mpaka uweze kuieleza hatua kwa hatua mbele yake, naye akubali kwamba ndivyo anavyofanya. Hapo ndipo unapopata haki ya kusema kompyuta iingie wapi na wapi isiguse. Mifumo mingi niliyoiona imetelekezwa ilikuwa na programu nzuri tu. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa na karani siku ya kazi akamtazama.

Tuchukue kituo cha kununulia mwani, cha kubuni, tukiweke pwani ya Micheweni. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, mashariki ya Unguja, na wakulima wengi ni wanawake. Mkulima huchukua kamba na taitai (vikamba vidogo vya kufungia mbegu) kwa mkopo, hufunga mbegu, hungoja kama wiki sita, huvuna maji yakitoka, huanika, kisha huleta mwani mkavu kituoni. Karani hupima, huandika uzito kwenye buku, hukata deni la kamba, hulipa kinachobaki. Baadaye hupeleka hesabu kwa kampuni inayonunua.

Huo tayari ni mfumo wa taarifa, na hakuna hata kompyuta moja. Una watu, una kanuni, una mabuku, una mizani, una habari inayotoka kwa huyu ikaenda kwa yule. Ukilishika hili umeshavuka pagumu.

Na fani yenyewe ilianza hivyohivyo. Mwaka 1951 kampuni ya Lyons ya Uingereza, wauza chai na keki, ilianza kuitumia kompyuta yake, LEO, kwa hesabu za bekari. Aliyesimamia uchambuzi wa kazi zile alikuwa David Caminer, mtu aliyetokea katika ofisi ya kampuni hiyo iliyokuwa ikichunguza kazi za makarani: fomu hii inaandikwa na nani, inapelekwa wapi, inahitajika kwa nini. Kompyuta ilipokuja, maswali walikuwa wanayo.

---

Mwanafunzi_Mkoani

Waalaykum salaam mwalimu, shukran. Mie ndo naanza mwaka huu. Hatua zenyewe ni ngapi? Kitabu kimoja kinasema tano, chengine saba, mwalimu wetu kasema sita.

---

MchambuziWete

Usihangaike na idadi, mwanangu. Kila mwandishi hukata mahali anapopenda, kazi ni ileile: unapanga, unachambua, unasanifu, unajenga, unajaribu, unaweka kazini, unatunza. Kwenye mtihani andika alivyofundisha mwalimu wako.

La kuangalia zaidi ni upembuzi yakinifu, kwa sababu wengi huufanya kwa kutimiza wajibu tu, na jibu la "ndiyo" wanalo kabla hawajaanza. Upembuzi unauliza: tunaweza kuujenga? Faida itazidi gharama? Sheria inaruhusu? Muda unatosha? Halafu lipo swali linalorukwa sana: ukishajengwa, watu wa pale watautumia? Kituo chetu kina karani mmoja ambaye mikono yake ina chumvi na mchanga kutwa nzima. Ukimletea simu ya kugusa na fomu ya kurasa nne, umeshindwa kabla hujaanza. Na ikiwa upembuzi umeonyesha kwamba buku jipya lenye safu zilizopangwa vizuri linatosha, mshauri mwaminifu aseme hivyo, hata kama kazi ya programu itampita.

Kisha linakuja kusanyo la habari. Zipo njia nne: kuhoji, kugawa dodoso, kusoma nyaraka, kutazama. Kwa kazi za huku kwetu mie natanguliza kutazama. Ukimuuliza karani "unafanyaje?" atakueleza utaratibu alioelekezwa na bosi wake. Ukikaa naye pembeni ya mizani utaona anavyofanya hasa, na baina ya hayo mawili ndipo mifumo inapozama.

Nenda siku ya ununuzi wenyewe. Wakulima wa mwani hufanya kazi kwa bamvua, maji yanapotoka mbali, na bamvua huja mara mbili kwa mwezi: mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu. Ukienda wakati wa maji mafu, bahari isipotoka mbali, utamkuta karani amekaa kivulini na buku limefungwa, uandike kwenye ripoti kwamba kazi ni ndogo. Na kampuni inataka ripoti ya mwezi wa kalenda, wakati kituo kinafunga hesabu kwa bamvua. Tayari umepata hitaji moja kubwa ambalo kwenye dodoso lisingetokea: mfumo ujue kuhesabu kwa njia zote mbili.

---

BiKarani_Mstaafu

Nimesoma nikafurahi maana nimeifanya kazi ya ukarani wa kununua mazao miaka mingi, sitasema wapi. Mwalimu umetaja buku moja. Kila karani ana mawili. Lipo la ofisi, na lipo dogo la mfukoni ambalo mkaguzi halioni.

Wallahi si la wizi. Mle ndani mnaandikwa yasiyopata nafasi kwenye la ofisi. Bibi fulani kaleta mwani wake na wa jirani yake mgonjwa pamoja, umepimwa mara moja, lazima nijue kilo ngapi za nani. Mwengine kachukua pesa ya dawa leo, mwani ataleta bamvua lijalo. Na wapo wanaouza kwa jina la binti zao kwa sababu deni la kamba kwenye jina lao ni kubwa, wakikatwa lote siku moja watoto hawali. Haya nayajua na nayanyamazia, maana najua watalipa kidogo kidogo, na hulipa.

Walikuja vijana wakatuwekea kompyuta. Hawakuuliza habari ya daftari dogo. Baada ya muda kompyuta inaandikwa ili ofisi iridhike, na kazi inaendeshwa kwa daftari.

---

MchambuziWete

Bi mkubwa, Mungu akuzidishie. Wanafunzi, someni tena alichoandika, kisha tuendelee, maana ndiyo kiini cha somo lote.

Daftari la pembeni ndiyo nyaraka bora kuliko zote utakazopata. Kila mstari ulioandikwa mle unakuonyesha jambo ambalo mfumo rasmi umeshindwa kulibeba. Mchambuzi akiliona aulize kwa adabu, tena faragha, na asilipige picha akampelekea mkurugenzi. Ukimchongea karani leo, kesho hakuna atakayekuonyesha kitu.

Sasa mambo matatu ya Bi Karani yanataka majibu matatu mbalimbali.

La mwani wa watu wawili kupimwa pamoja ni la usanifu tu. Mzigo mmoja uruhusiwe kugawiwa kwa wakulima zaidi ya mmoja. Umeruhusu hilo, sababu moja ya daftari imeondoka.

La pesa ya dawa ni la sera. Kampuni inakubali kutoa malipo ya mbele au haikubali? Wewe mchambuzi huna mamlaka ya kuamua. Unaandika kwamba jambo lipo na lina faida hii na hatari hii, halafu mwenye mamlaka anaamua, na uamuzi wake unaandikwa.

La majina ya binti ndilo zito. Ukijenga mfumo unaokata deni lote papo hapo, utakuwa umeziba mlango ambao watu maskini wanapumulia, na hakuna mtu aliyekaa kikao akaamua uzibwe. Ukiacha kama ilivyo, kumbukumbu zako zitakuwa na mauzo ya watu wasiolima. Rai yangu ni kupeleka pendekezo la kanuni: makato yasizidi sehemu fulani ya kila mauzo, mkulima na kampuni wakubaliane kiwango. Ikikubaliwa, hakuna haja ya kujificha nyuma ya binti. Lakini pendekezo lipelekwe kama tatizo la kanuni, bila kutaja jina la mtu. Vitabu vingi vinagusa jambo hili kwa aya moja na kupita. Mie nadhani lingestahili wiki nzima ya muhula.

---

Kodi_Darajani

Kaka nakuheshimu, ila mie kidogo natafautiana nawe. Haya ya kuchunguza miezi ndiyo yale maporomoko ya zamani (waterfall), yaani hatua moja imalizwe kabisa ndipo ije nyengine, unaandika makaratasi hadi mteja anachoka. Siku hizi tunafanya ajaili (agile), yaani kujenga kidogo kidogo kwa duru fupi. Naenda kituoni, baada ya wiki mbili nina kitu kwenye simu, karani anakitumia, ananambia kibaya wapi, narekebisha. Mtumiaji hajui anachotaka mpaka akione.

---

MchambuziWete

Hapo mwisho umesema kweli tupu, na mie hufanya hivyo: nachora skrini kwenye karatasi, nampa karani kalamu, namwambia "tuseme hii ndiyo simu, nipimie mzigo". Anapokwama mnagundua sote, na gharama yake ni karatasi.

Kuhusu maporomoko, historia yake inafaa kujulikana. Mchoro wa hatua zinazoshuka kama ngazi hutajwa kuwa wa Winston Royce, katika makala yake ya mwaka 1970. Lakini Royce mwenyewe, baada ya kuuchora, alieleza kwamba kufuata hivyo bila kurudi nyuma ni hatari, kwa sababu majaribio yako mwishoni na ndiko makosa makubwa yanakoonekana. Akashauri mfumo mpya ujengwe mara mbili, ile ya kwanza iwe ya kujifunzia. Waliokuja baada yake waliushika mchoro wakaacha onyo. Na wale 17 waliokutana Utah, Marekani, mwaka 2001 wakaandika tamko la ajaili, hawakusema watu waache kuchambua. Walitaka uchambuzi ufanyike kila duru, karibu na mtumiaji.

Kwa hiyo duru fupi sawa. Ila yapo maamuzi ambayo ukiyakosea duru ya kwanza utayalipia duru zote. Nikutajie matatu ya kituo chetu.

Kwanza, mkulima atambuliwe kwa kitu gani? Jina halifai, Pemba utakuta watu watatu wenye jina lao, la baba na la babu yaleyale, na wote wanaishi shehia moja. Namba ya simu haifai, simu moja inatumiwa na nyumba nzima na laini hubadilishwa. Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kinatambulisha vizuri, lakini pwani watu hawaendi nacho kwenye maji. Toa namba ya kituo chenyewe, fupi, na kitambulisho kiwe sifa mojawapo.

Pili, bei. Ukiiweka mahali pamoja tu na kuibadilisha inapopanda, risiti za mwaka jana nazo zitabadilika. Bei ya siku ile iandikwe ndani ya mauzo yenyewe.

Tatu, deni. Usiweke safu moja inayoitwa "salio" ukawa unaifuta na kuandika upya. Andika kila mkopo na kila kato kama tukio, salio lihesabiwe kutokana nayo. Mkulima akija kulalamika, na atakuja, unamsomea mstari kwa mstari.

Haya hayaonekani kwenye skrini, kwa hiyo karani hatakwambia baada ya wiki mbili kwamba yana kasoro. Atakwambia baada ya msimu, kumbukumbu elfu zimeshaingia.

---

Kodi_Darajani

La bei limenigusa, nina mfumo wa duka unafanya hivyohivyo ulivyosema. Naurekebisha leo. Shukran kaka.

---

Mwl_Chake

Naomba niongeze kuhusu michoro, maana ndipo wanafunzi wangu wanapopoteza alama.

Mchoro wa mtiririko wa data una vitu vinne tu: walio nje ya mfumo, michakato, hifadhi za data, na mishale ya data. Tom DeMarco aliyeueneza mwaka 1978 alichora mchakato kwa duara. Gane na Sarson wakachora kwa kisanduku chenye pembe za mviringo. Chagua mmoja, usichanganye.

Makosa ninayoyaona ni haya. Mchakato unaopokea data na hautoi kitu. Mchakato unaotoa data na haukupewa chochote. Risiti inatoka, lakini uzito haukuingia. Mshale kutoka kwa mkulima moja kwa moja mpaka buku la madeni: haiwezekani, lazima mtu au programu ipokee, ihakiki, iandike, yaani pawe na mchakato katikati. Na mshale usiwe na kitenzi. Juu ya mshale andika data yenyewe, "uzito uliopimwa", na kitenzi kikae kwenye mchakato, "Pima mzigo".

Mchoro wa maumbo ya data na mahusiano yao, alioutoa Peter Chen mwaka 1976, ni jambo jengine. Ule wa kwanza unaonyesha data inavyotembea, huu unaonyesha data inavyokaa. Mkulima mmoja ana mauzo mengi. Na kwa ule mzigo wa Bi Karani, mzigo mmoja una wakulima wengi na mkulima mmoja ana mizigo mingi, kwa hiyo baina yao liingie jedwali la tatu, tuliite Mgao, lenye namba ya mzigo, namba ya mkulima na kilo zake. Wanafunzi hukariri kanuni ya jedwali la kati bila kujua limetoka wapi. Limetoka kwa jirani mgonjwa.

---

BiKarani_Mstaafu

Sasa nimeufahamu huo mchoro. Ningeonyeshwa wakati ule ningesema palipokosewa.

---

Mpemba_Fumba

Naishi Unguja sasa hivi. Suala langu: umeme na mtandao. Tuliokuwapo Unguja tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kisiwa kizima bila umeme wa gridi, tunajua. Hilo linaandikwa wapi kwenye uchambuzi?

---

MchambuziWete

Linaandikwa kwenye mahitaji yasiyo ya kiutendaji, na umefanya vyema kukumbusha. Mahitaji ya kiutendaji ni yale mfumo unayofanya: upime, ukate, utoe risiti. Yale mengine ni namna unavyoyafanya: kwa kasi gani, kwa usalama gani, na hali ikiwa mbaya kiasi gani. Pemba ilipata waya wa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010, kabla yake tukitegemea majenereta ya Wesha. Hali ni bora mno kuliko zamani, lakini pwani ya mbali mtandao bado hukatika, na mchambuzi aliyezoea ofisi ya mjini hawezi kulifikiria hilo kwa sababu hajawahi kuishiwa chaji katikati ya mstari wa wakulima hamsini.

Hitaji liandikwe likaweza kupimwa. "Mfumo uwe mwepesi" haupimiki, kila mtu atauona kwa jicho lake. Andika hivi: "Karani aweze kurekodi mauzo na kutoa risiti bila intaneti kwa siku nzima ya ununuzi, na kumbukumbu zipande zenyewe mtandao ukirudi, bila mauzo kuandikwa mara mbili." Mtu yeyote anaweza kuzima data akajaribu. Hilo la kuandikwa mara mbili lisisahaulike, ndipo mifumo ya simu inapoharibika.

---

Mwanafunzi_Mkoani

Na siku ya kubadilisha, buku linaachwa siku ileile?

---

MchambuziWete

Zipo njia nne: kuhama kwa siku moja, kuendesha yote mawili sambamba kwa muda, kuanza na kituo kimoja cha majaribio, au kuingiza sehemu kwa sehemu. Kuhama kwa siku moja ni rahisi kwa gharama na kukali kwa hatari. Huduma ya magari ya wagonjwa ya London ilihamia mfumo mpya wa kompyuta tarehe 26 Oktoba 1992. Mfumo ulikuwa haujajaribiwa vya kutosha, wafanyakazi hawakufunzwa ipasavyo, na njia ya karatasi haikuandaliwa kuwa akiba. Mfumo ukapoteza hesabu ya magari yalipo, simu za wagonjwa zikalundikana, ikabidi warudi nyuma.

Kwa kituo chetu ningeendesha buku na simu pamoja kwa bamvua kadhaa, kila jioni jumla mbili zilinganishwe. Karani atalalamika kwamba kazi imekuwa maradufu, na ana haki. Basi alipwe ziada kwa muda huo, na iingizwe kwenye bajeti tangu upembuzi. Na daftari la mfukoni nalo litazamwe: likiendelea kujaa, bado kuna jambo hatujalichambua.

---

Mwanafunzi_Mkoani

Nimejaribu kuchora mchoro wa muktadha, ule unaoonyesha mfumo mzima kama kitu kimoja na walio nje yake. Katikati nimeweka "Mfumo wa ununuzi wa mwani". Nje nimeweka mkulima, kampuni, karani na buku la madeni. Mkulima anatoa mzigo, anapata risiti na pesa. Kampuni inatoa bei, inapata ripoti. Karani anatoa uzito. Buku linatoa deni.

---

MchambuziWete

Umeanza vizuri. Buku la madeni litoe, ni hifadhi, makaazi yake ni ndani, na kwenye mchoro wa muktadha hifadhi haichorwi. Mzigo na pesa navyo si data. Mkulima anatoa namba yake, mfumo unampa risiti na taarifa ya deni lililobaki.

Karani ndiye anayetaka fikra. Ukisema mfumo ni kituo kizima, karani yumo ndani na hachorwi. Ukisema mfumo ni programu ya simu tu, karani yuko nje, uzito unatoka kwake, na risiti inapitia mkononi mwake kabla ya kumfikia mkulima. Majibu yote mawili ni sahihi, lakini lazima uchague moja na uliandike juu ya mchoro, maana kila mshale utafuata mpaka huo.

Halafu kuna mtu umemsahau: anayekuja kupokea malipo kwa niaba ya mwenzake. Muulize Bi Karani hapo juu, yeye alikuwa anamtambuaje, ndipo uchore.